Mfuko wa Pili

Asubuhi ya siku ya tano niliinama kwenye hadubini, nikaona chembe za chuma zimejipanga kubwa kubwa kama vigae vya sakafu, nikafurahi. Naanza na hilo ili usije ukanipenda bure. Watu kumi na mmoja walikuwa chini ya Ziwa Nyasa wakingoja chuma kile kiwe kizuri, na mimi nilipoona ni kibaya, roho ilinisuuzika.

"Shikamoo, Dada Truda," Ludgarda akasema nyuma yangu. "Vipi leo?"

"Marahaba. Zimenenepa tena."

Akanisogeza kidogo kwa bega, akatazama mwenyewe. Alikuwa hajalala vizuri tangu Jumatatu, lakini ukimwona usingejua. Hicho nacho kilinikera. Mimi nikikosa usingizi siku moja tu navimba macho, watu wananiuliza kama nimefiwa. Ludgarda Haule anakosa usingizi siku tano na bado anaonekana yuko tayari kupigwa picha.

"Niobi nimeweka ile ile," akasema, jicho likiwa kwenye lenzi. "Titani ile ile. Kaboni tumeishusha hadi chini kabisa. Maji ya kupoozea ni yale yale. Kwa nini zinaota vigae? Zile za mwanzo zilikuwa sindano, Dada. Wewe mwenyewe ndiye uliyezisoma."

"Ndiyo, nilizisoma."

"Sindano tupu. Nyembamba, zimesukwa kama mkeka."

"Nakumbuka," nikasema, na hapo sikusema uongo. Hakuna mtu duniani aliyekumbuka zile sindano kuliko mimi.

Spika ya ukutani ikakwaruza. Kila saa mbili asubuhi sauti ya Ambwene, mpishi wa Kibuyu, ilipandishwa kwetu kwa waya kutoka mita mia tano chini ya maji. Kibuyu ndilo jina la ile nyumba ya chuma iliyolala kwenye sakafu ya ziwa, ikichimba joto la ardhi kwa ajili ya umeme wa nusu ya nchi. Jumatatu lilipita tetemeko dogo, hata vikombe vya chai havikumwagika huku juu, lakini shingo ya Kibuyu ilipinda. Lifti ya kuwapandisha haikuweza tena kujifunga pale. Waliingiziwa umeme na maneno, hewa hapana. Hewa yao ilikuwa ya siku tisa.

"Wa juu, mmeamkaje?" akasema Ambwene. "Sisi huku tumekubaliana tupumue kwa zamu. Mie zamu yangu ni ya saa nne."

Watu wa chumbani wakacheka, maana walitakiwa kucheka. Ludgarda alisogelea kipaza sauti.

"Ambwene, pete inakuja. Nipe siku mbili."

"Mama, chukua hata tatu. Usije ukatuletea mbichi."

Pete aliyoisema ilikuwa ya kuvalishwa kwenye ile shingo iliyopinda na kuchomelewa na mashine zinazoogelea, humo humo majini. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Chuma chenye nguvu si kazi kukipata. Ongeza kaboni, kitakuwa kigumu. Lakini chuma chenye kaboni nyingi ukikichomelea majini kinapasuka kabla hujageuka. Ilitakiwa kaboni kidogo sana na nguvu nyingi sana, na chuma kimoja tu nchini kilikuwa na vyote viwili. Tulikipika mara moja, mwaka mmoja na nusu uliopita, mpiko wa 417. Kibuyu kizima kilitokana na mpiko huo, na magazeti yalikiita Chuma cha Ludgarda.

Mama yangu, kule Lugarawa, ana kalenda ya kiwanda ukutani. Picha ya miezi yote kumi na miwili ni Ludgarda amesimama mbele ya tanuri. Nilipomwambia mama kwamba na mimi nafanya kazi kwenye tanuri hilo hilo, alisema, "Najua, mwanangu," akaipangusa vumbi kalenda.

*

Nilimjua Ludgarda akiwa na miaka kumi na mitatu. Mimi nilikuwa kidato cha sita, yeye cha kwanza, tukilala bweni moja shule ya masista. Nilimfundisha kutandika kitanda, kunyoosha sare bila pasi, na jedwali la elementi. Nasema nilimfundisha, ingawa jedwali alilijua lote Jumapili moja tu, akarudi kunisahihisha nilipokosea nafasi ya vanadi. Sijalisahau lile somo.

Tulipokutana tena kiwandani, yeye alipewa vyuma vya Kibuyu. Mimi nilipewa mstari wa majembe, na kusoma vipande vya kiwanda kizima kwa hadubini. Sidharau jembe, limenisomesha. Ila hakuna anayekuja na kamera kupiga picha jembe.

Kwenye majembe ndipo nilipoijua boroni. Ni kitu kidogo mno. Kilo moja ndani ya tani arobaini inatosha kubadili tabia ya chuma chote, kama chumvi ya mgonjwa. Ukiizidisha mara mbili, inakwenda kukaa kwenye mipaka ya chembe, na chuma kikipigwa nyundo kingali chekundu kinamomonyoka kingo. Kila fundi wa majembe amewahi kuharibu mpiko kwa boroni. Mafundi wa Kibuyu hawakuwa na habari nayo. Hata kipimo chao kilisoma elementi kumi na sita, na boroni haikuwamo.

Siku ya mpiko wa 417 walikuja wageni wakubwa. Tanuri letu linaendeshwa na Shangazi, akili ya mashine yenye sauti ya mama wa makamo, na yeye ndiye anayepima na kumimina kila kitu. Kila kitu isipokuwa mfuko wa mwisho. Mfuko wa mwisho hutupwa kwa mkono wa mwenye mpiko, tangu chuma cha kwanza kabisa kilipopikwa pale, na jina la aliyeutupa huandikwa kwa chaki kwenye chuma kikishapoa. Ni desturi tu. Lakini nimeona wanaume wazima wakilia kwa sababu ya ile chaki.

Ludgarda alikuwa juu ya jukwaa na mfuko wake wa titani mkononi. Mimi nilikuwa pembeni, na mifuko miwili midogo ya boroni chini ya aproni, kilo tano kila mmoja, boroni yenyewe kilo moja na iliyobaki chuma. Niliibeba kutoka stoo ya majembe tangu asubuhi. Nilikuwa sijui nitaitumiaje, au tuseme nilijua ila nilikuwa sijajiambia.

Mhandisi mkuu, Oswin Kayombo, akamwita Ludgarda kutoka chini. Wageni walitaka picha, mwanga ulikuwa mzuri, haraka haraka. Akageuka, akaniona.

"Dada Truda, nishikie. Shangazi akisema tayari na sijarudi, utupe tu. Wewe na mimi ni mmoja."

Akashuka ngazi akicheka. Wewe na mimi ni mmoja! Na jina la kwenye chaki litakuwa la nani?

Shangazi akasema tayari. Nikautupa mfuko wake, kama alivyoniomba. Kisha nikabaki nimesimama mbele ya ule moto, nikaanza kusali rozari. Mpaka leo sielewi nilikuwa namwomba nani na kwa ajili ya nini. Nilimaliza kumi moja zima la Salamu Maria, kisha nikautupa mfuko wangu. Nilipokuwa nautafuta wa pili chini ya aproni nikasikia viatu vya Kayombo na wageni vikipanda ngazi, nikauacha.

"Mwanangu," Shangazi akaniambia polepole, kwenye kile kisikizi cha sikioni, "uzito umezidi kilo tano."

"Ni jambo langu."

"Haya. La kwako ni la kwako."

Haikuwa hisani. Ilikuwa Kanuni ya Tatu. Mashine hii ilipoletwa, chama cha wafanyakazi kiligoma miezi miwili mpaka ikaandikwa: Shangazi anaona yote, lakini hasemi la mtu bila ruksa ya mwenyewe. Waajiri waliomba kuwe na ubaguzi wakati wa dharura. Chama kikakataa, kikisema mabwana hawajawahi kukosa dharura. Mimi mwenyewe nilibeba bango kwenye mgomo ule. Ndiyo maana kila taarifa ya Shangazi humalizikia na maneno yale yale, "Nimesema niliyoruhusiwa," na sisi tulikuwa tumeyazoea hadi hatuyasikii tena.

Mpiko wa 417 ulipopoa, waliniletea kipande nikisome. Nilikwenda nikiwa tayari kuona mipaka ya chembe imeoza. Nikaona sindano. Nyembamba, ndefu, zimepishana, hakuna kigae hata kimoja. Boroni ya mfuko mmoja ilikuwa imekaa mipakani kwa kiasi chake, imeizuia feriti, ndiyo vile vigae, isianze kuota pale, na chuma kikapoa moja kwa moja kuwa bainiti, ndizo zile sindano, imara kama nini na bado laini ya kuchomelea. Nilikuwa nimetupa sumu, ikageuka dawa, kwa sababu tu bosi alipanda ngazi mapema.

Na ndicho kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Nisingeweza kumwambia yeyote. Wakamwandika Ludgarda kwa chaki, kisha kwa shaba, kisha kwenye kalenda ya mama.

*

Siku ile ya tano mchana Kayombo alituita ofisini. Hakutukaribisha kukaa.

"Mipiko mitano, Ludgarda. Mitano! Nieleze, maana mimi napigiwa simu kila nusu saa. Ule wa 417 uliupikaje?"

"Kama hii, mkuu. Kila kitu nimekirudia."

"Basi ama hii si kama ile, ama ile haikuwa kama ulivyoandika. Kuna watu Dodoma wameanza kusema vipimo vilitiwa chumvi."

Nilimtazama Ludgarda, nikasubiri ile furaha ya asubuhi irudi. Ikarudi, ila nusu. Nilikuwa nimeingoja siku hii tangu Jumapili ile ya jedwali, na sasa imefika, nikaona kinachokanwa ni changu. Walikuwa wanakitukana chuma changu! Wanasema hakikuwahi kuwapo!

Nikamfuata ofisini kwake. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nitampa boroni, pete itapikwa, watu watapanda, na itaandikwa kwamba wakati Haule ameshindwa, Edeltruda Mligo wa mstari wa majembe alikuja na wazo. Nitapata jina bila kumwaga mtama. Nilijiona nina akili.

"Ludgarda, umewahi kufikiria boroni?"

Akainua kichwa. "Ya majembe?"

"Kilo tano za mchanganyiko. Inazuia feriti kuota mipakani. Niobi inashikilia kaboni isije ikaifuata boroni, kwa hiyo zikiwa pamoja kila moja inailinda nyingine. Hivyo vigae vitakosa pa kuanzia."

Macho yake yakaanza kukimbia, kama anavyofanya akipiga hesabu. Nilimwona akifika pale ambapo mimi nilihitaji miaka kumi ya majembe kufika, na alifika kabla hajaweka kalamu chini. Ningeweza kumpiga kofi.

"Lakini nitrojeni," akasema. "Nitrojeni ikiikuta boroni inaimeza. Kwa hiyo lazima titani iwe imeshaila nitrojeni. Dada, unaiweka kabla ya titani au baada?"

Titani ulikuwa mfuko wa mwisho. Baada ya mfuko wa mwisho, siku ile, jukwaani alikuwapo mtu mmoja tu. Kama ningesema baada, kisha kikatoka kile kile cha 417, Ludgarda asingehitaji hata dakika moja kujua kilitokana na nini na mkono wa nani. Nilikuwa namwona tayari akielekea huko na macho yake yale.

"Kabla," nikasema.

"Una hakika?"

"Kwenye majembe tunaweka kabla."

Hatuweki kabla. Hakuna fundi wa majembe anayeweka kabla. Lakini aliniamini, maana nilimfundisha kutandika kitanda, akanishika mikono yote miwili akasema, "Mungu akubariki, Dada Truda." Akaenda kupika.

*

Siku ya saba asubuhi nilisoma kipande cha mpiko wa sita. Vigae. Vidogo kuliko vya juzi, na hapa na pale sindano moja moja, lakini vigae. Nitrojeni ilikuwa imeimeza boroni yote. Siku moja na nusu ilikuwa imepotea kwa neno moja langu.

Sikufurahi. Naliandika hili si kwa kujitetea, ila kwa sababu lilinishangaza.

Spika ikakwaruza. Safari hii Ambwene alichelewa, na alipozungumza alikuwa anapumzika katikati ya maneno.

"Wa juu. Leo… nimepika uji. Wamesema… mzito. Nikawaambia hewa ndiyo… nyepesi."

Hakuna aliyecheka. Ludgarda alikwenda kwenye kipaza sauti, akakishika kwa mikono yote miwili. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alikuwa amevimba macho.

"Mama upo?" akauliza Ambwene.

"Nipo, Ambwene."

"Kama haiwezekani… utuambie tu. Hapa kuna watu wanataka… kuandika barua. Usituache tukingoja."

Niliondoka chumbani. Nilikwenda kwenye kabati langu, nikasogeza makoti na viatu vya mvua, nikatoa mfuko wa boroni uliobaki siku ile. Mwaka na nusu ulikuwa umekaa pale. Kwa nini sikuurudisha stoo? Labda nilitaka kuwa na kitu kimoja cha kunishuhudia.

Jukwaani walikuwapo wote: Kayombo, mafundi wa tanuri, Ludgarda aliyekuwa amenifuata kwa haraka akidhani naumwa. Nikauweka mfuko sakafuni.

"Shangazi," nikasema kwa sauti, ili nisipate nafasi ya kujirudi. "Mpiko wa 417. Yaliyo yangu. Ruksa."

"Una hakika, mwanangu?"

"Ruksa, nimesema."

Shangazi akasema. Hakupamba, hakulaumu. Edeltruda Mligo alitupa mfuko wa titani kwa niaba ya Ludgarda Haule. Baadaye Edeltruda Mligo alitupa kitu cha kilo tano ambacho hakikuandikwa. Alikuwa na kingine cha kilo tano mwilini, hakukitupa. Alipoulizwa, alisema ni jambo lake.

"Boroni," nikaongeza. "Baada ya titani. Baada, si kabla. Nilitaka kuuharibu mpiko wako, Ludgarda. Ungepasuka mbele ya wageni. Mfuko mmoja haukutosha kuuharibu, ukautengeneza. Juzi nimekudanganya ili usinijue."

Fundi mmoja akatukana. Kayombo alinijia, nadhani angenisukuma, lakini Ludgarda alimzuia kwa mkono bila kumtazama. Alikuwa ananitazama mimi. Sikuwahi kumwona na uso ule. Hata bwenini, siku nilipomsingizia kupoteza ndoo, hakuwa na uso ule.

"Kati ya mfuko wangu na wako," akasema, "zilipita dakika ngapi?"

"Sijui."

"Usiniambie hujui! Titani inahitaji muda kuila nitrojeni. Ukitupa mapema hakuna kitu, ukichelewa chuma kinapoa. Shangazi, dakika ngapi?"

"Siku ile saa ya jukwaani ilizimwa kwa ajili ya kamera za wageni," Shangazi akajibu. "Naujua uzito. Muda siujui."

Wakanigeukia wote.

"Nilisali," nikasema, na hapo ndipo aibu iliponishika kweli kweli, kuliko kwenye lile la boroni. "Kumi moja la rozari. Nilipomaliza, nikautupa."

"Baba Yetu, Salamu Maria kumi, Atukuzwe?"

"Ndiyo."

"Kwa haraka au kwa kawaida?"

"Kama tulivyokuwa tunasali shule."

Ludgarda akauokota mfuko, akaupima uzito kwenye mizani ya jukwaani, akasoma namba ya stoo iliyoandikwa pembeni. Kisha akanirudishia.

"Shangazi, anza mpiko. Kayombo, nenda kawaambie Kibuyu wasiandike barua. Na wewe," akaniambia, "utasimama pale pale uliposimama, na utasali vile vile. Usidhani nimekusamehe. Nina haraka."

*

Nilisali kwa sauti. Mafundi walisimama nyuma yangu, na wale Wakatoliki wakaitikia bila kutaka, maana mdomo umeshazoea. Ludgarda hakuitikia. Alisimama mbele yangu, upande wa pili wa ule moto, akiitazama mikono yangu kama unavyomtazama mtu aliyewahi kukuibia sokoni. Salamu ya saba nilisahau nilikuwa ya ngapi, nikaona vidole vyake saba vimeinuliwa, nikajua anahesabu. Tulipofika Atukuzwe niliutupa.

Pete ilifuliwa jioni ile ile. Siku ya nane saa kumi na moja alfajiri waliniita nisome kipande, ingawa Kayombo alikuwa ameshanivua kitambulisho. Msomaji mwingine hakuwapo. Nikainama. Nikatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sindano?" Ludgarda akauliza. Hakusema shikamoo.

"Sindano tupu."

Akatazama mwenyewe. Hakuniamini, na alikuwa na haki. Alipoinuka alitoa chaki mfukoni, akatoka nje mahali pete ilipokuwa imeshafungwa minyororo tayari kwa safari ya ziwani, akaniita kwa kidole.

"Andika."

"Mpiko ni wako."

"Mkono ni wako. Desturi ni desturi. Andika, gari linangoja."

Niliandika E. MLIGO. Nilikuwa nimeitamani chaki ile miaka ishirini na miwili, na nilipoishika iliniponyoka mara mbili. Ludgarda aliyasoma maandishi, akamwashiria dereva kwa mkono, pete ikaondoka. Siku ya tisa adhuhuri ilichomelewa, haikupasuka popote. Nasikia chaki ilifutika kabla haijashuka hata mita moja, maana ni chaki.

Watu wote kumi na mmoja walipanda. Sikuwaona. Nilikuwa Lugarawa, nikingoja barua ya mahakama, nimekaa jikoni na mama, redio ikiwa imewashwa. Ambwene alikuwa akihojiwa. Alisema anamshukuru Mama Ludgarda, ambaye hakuwahi kumwambia uongo. Kisha mtangazaji akaeleza mambo yangu yote, moja baada ya jingine, na jina langu akalitamka vizuri.

Mama alizima redio. Akachambua mchele kwa muda, akitupa mawe pembeni.

"Kwa hiyo kile chuma ni chako, Truda?"

"Ndiyo, mama."

"Toka mwanzo."

"Toka mwanzo."

"Na ulitaka kiharibike."

"Ndiyo."

Akaweka ungo chini, akaenda ukutani palipokuwa na kalenda. Ilikuwa ya mwaka jana, imeshakwisha miezi yake yote, na nilidhani hatimaye anaishusha. Moyo ukaniruka, naapa, bado ukaniruka. Mama alichukua pembe ya kitenge chake, akampangusa Ludgarda vumbi usoni, akarudi kuchambua mchele.